UZI: Seli za kinga ndizo zinazouchimbia uvimbe mishipa ya damu. Tuelewane kabla hatujaambiana "ongeza kinga"

#1 Slaidi Kahawia (mleta uzi)

Wakuu salaam.

Nianze na aibu yangu mwenyewe. Nilipokuwa mgeni kwenye maabara ya patholojia nilipewa slaidi ya uvimbe wa titi iliyopakwa rangi ya kuonyesha makrofaji, zile seli kubwa za kinga zinazomeza uchafu. Rangi ikishika, seli inageuka kahawia. Zisizohusika zinabaki na kiini cha bluu tu. Nikaweka jicho kwenye hadubini. Kahawia tupu! Madoa yamejaa ukingoni mwa uvimbe, mengine yamejipanga sambamba na vimishipa kama vibarua waliokaa kandokando ya mtaro. Nikaenda kwa daktari wetu nikichekelea: "Huyu mgonjwa kinga yake iko vizuri, imeuzingira uvimbe." Akavuta kiti, akakaa, akanipa slaidi ya pili ya kipande kilekile, hii imepakwa rangi ya mishipa ya damu. "Haya, hesabu na hii."

Nikahesabu. Palipokuwa na lundo la makrofaji, mishipa ilikuwa msongamano. Palipokuwa na makrofaji chache, mishipa nayo ya kuokoteza.

Tangu siku ile, mtu akiniambia "saratani ni kinga kushuka, wewe ongeza kinga", nasikia kile kiti kikivutwa.

Msingi kwanza. Oksijeni ikitoka kwenye mshipa haifiki mbali: mikroni 100 hadi 200 hivi, yaani unene wa unywele mmoja au nywele mbili tatu zilizolala pamoja. Seli iliyoko mbali kuliko hapo inakosa hewa. Ndiyo maana kijivimbe kisicho na mishipa yake kinakwama kwenye milimita 1 au 2. Seli za nje zinagawanyika, za ndani zinakufa, jumla haisogei. Kinaweza kukaa hivyo miaka na mwenye mwili asijue.

Aliyelivalia njuga jambo hili ni Judah Folkman, daktari wa upasuaji wa Marekani. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, akiwa jeshi la majini, yeye na mwenzake walikuwa wakitunza tezi ya thairoidi nje ya mwili wa mnyama kwa kuipitishia kimiminika chenye himoglobini. Wakapandikiza humo seli za saratani. Vijivimbe vikaota, vikafika ukubwa wa kichwa cha pini, vikagoma kukua. Walipovihamishia kwa panya aliye hai, vikakua kwa kasi. Mwaka 1971 Folkman akaandika kwenye New England Journal of Medicine kwamba uvimbe hauwezi kuwa mkubwa bila kuota mishipa mipya, na kwamba ukiizuia hiyo mishipa umeubana uvimbe wenyewe.

Wengi hawakumwamini. Walisema ule wekundu unaoonekana kwenye uvimbe ni mwasho wa ndani tu, kama wa kidonda, damu imejaa kwa sababu kuna seli zinakufa. Folkman alikuwa sahihi, ila historia ina utani wake: wale wapinzani nao walikuwa wamekanyaga karibu na ukweli bila kujua, maana mwasho, yaani seli za kinga, ndio unaosaidia kuichimba hiyo mishipa.

Naweka kituo hapa, nitaendelea jioni. Maswali ruksa.

#2 Kaa Kimya Usome

Nimeshakaa mbele kabisa. Shusha nondo mkuu.

#3 Tofali la Nne

Swali la mtu wa mtaani. Uvimbe hauna akili. Unajuaje kwamba unahitaji mishipa, na unaiitaje?

#4 Slaidi Kahawia

Swali zuri kuliko unavyodhani, mkuu. Majibu yake yalipewa Nobeli mwaka 2019: William Kaelin, Peter Ratcliffe na Gregg Semenza.

Ndani ya seli zetu zote kuna protini inaitwa HIF. Inatengenezwa muda wote, na oksijeni ikiwepo inavunjwavunjwa papo hapo. Ni kama karani anayeandika barua ya kuomba msaada kila dakika, na kila dakika bosi anaichana. Oksijeni ikipungua, bosi hayupo, barua hazichanwi. HIF inarundikana, inaingia kwenye kiini, inawasha jeni za dharura. Mojawapo ni ya VEGF.

VEGF ndiyo tarumbeta yenyewe. Mwaka 1983 kundi la Harold Dvorak, kazi ikiongozwa na Donald Senger, liliikuta kama kitu kinachofanya mishipa ivuje. Mwaka 1989 Napoleone Ferrara na wenzake wakaitambua kama kitu kinachofanya seli za mishipa ziongezeke. Ikaja kugundulika kwamba wote walikuwa wameshika mkia wa mnyama mmoja. Seli ya ukuta wa mshipa inapoinusa VEGF, mojawapo inajitoa mbele, inatoa vidole vyembamba, inaanza kutambaa kuelekea harufu inakozidi. Nyuma yake nyingine zinagawanyika na kujipanga kuwa bomba.

Hapo wengi huishia. Picha wanayobaki nayo ni ya uvimbe unaopiga tarumbeta na mshipa unaoitika. Wamemruka kibarua.

Uvimbe hautoi VEGF peke yake. Unatoa pia ishara za kuita seli za kinga, hasa CCL2 na CSF-1. Monositi, aina ya seli nyeupe za damu, zinatoka kwenye uboho, zinasafiri na damu, zinaingia kwenye uvimbe na kugeuka makrofaji. Zikiwa humo zinasogea kwenye maeneo yaliyokosa hewa, na huko huko nazo HIF yao inawaka. Sasa una seli ya kinga inayomwaga VEGF pale pale panapotakiwa mshipa. Zaidi ya hapo inamwaga vimeng'enya vya kukata nyuzi za kolajeni ili mshipa upate njia.

Ushahidi? Kundi la Jeffrey Pollard lilitumia panya wanaoota saratani ya titi kwa asili ya jeni walizowekewa, likawaondolea CSF-1 ili wawe na makrofaji chache. Mwaka 2001 wakaonyesha kwamba uvimbe unaanza kama kawaida lakini unachelewa kuwa mkali na hausambai vizuri mapafuni. Mwaka 2006 wakaangalia mishipa: bila makrofaji, ule wakati ambapo mishipa inafumuka ghafla ulichelewa. Wakizirudisha makrofaji mapema kuliko kawaida, mishipa inafumuka mapema. Unawasha, unazima, kitu kinafuata. Hapo hatuongelei tena vitu viwili vilivyokutana kwa bahati kwenye slaidi.

#5 Mzee wa Hoja

Nimesoma yote na sikubaliani. Kinga ni jeshi. Mungu hakuweka jeshi ndani ya mwili ili limjengee adui barabara. Kama makrofaji zipo pale, zimeenda kupigana. Kuwepo kwa askari wa zimamoto kwenye kila moto hakumaanishi wao ndio wachomaji.

#6 Slaidi Kahawia

Mzee, mfano wa zimamoto ni mzuri, na ndiyo maana nimeleta wale panya: ukiwaondoa zimamoto na moto ukapungua, itabidi uwaulize maswali.

Lakini nadhani tatizo letu liko kwenye neno "jeshi". Hebu tuangalie kidonda cha kawaida. Umejikata kidole. Dakika za kwanza damu inaganda. Saa chache baadaye nyutrofili, seli nyeupe zinazowahi kufika, zipo pale zinaua bakteria. Siku ya pili ya tatu makrofaji zinachukua uwanja. Zinameza mizoga ya bakteria, seli zilizokufa, hata nyutrofili zilizochoka. Usafi ukiisha zinabadilisha kazi. Zinaanza kutoa VEGF na ishara nyingine za ujenzi. Bandeji ukiibandua siku ya tano hivi unaona nyama nyekundu yenye chembechembe, ukiigusa inatoa damu mara moja. Ule wekundu ni mishipa michanga, mingi kuliko inayohitajika. Ngozi ikishafunga, amri ya kusimama inatoka, mishipa ya ziada inakufa, na miezi baadaye kovu lako ni jeupe kuliko ngozi ya pembeni.

Kwa hiyo makrofaji ni askari asubuhi na fundi mchana, na kazi zote mbili ni halali. Mwaka 1986 Dvorak aliandika kwamba uvimbe ni kidonda kisichopona. Uvimbe unavuja, unaganda damu ndani, una seli zinazokufa, hauna hewa. Kwa makrofaji hizo ni dalili zilezile za kidonda, na inafanya kile inachojua. Ile amri ya kusimama tu ndiyo haiji.

Rudolf Virchow aliziona seli nyeupe ndani ya uvimbe tangu 1863. Kujua zinafanya nini kulichukua zaidi ya miaka mia.

#7 Mikroni Mia

Kaka Slaidi, kazi nzuri. Nipo kwenye utafiti wa eneo hili, naomba niongeze na nikurekebishe mahali pawili.

Kwanza usiwape makrofaji sifa zote. Mwaka 1976 kundi la Folkman lilipandikiza uvimbe kwenye utando wa yai la kuku lenye kifaranga, wakaona seli za masti, zile zenye histamini zinazotusumbua kwenye mzio, zinakusanyika pale kabla kapilari mpya, vile vimishipa vyembamba kabisa, hazijafika. Baadaye ikaonekana heparini yao, kitu kinachozuia damu kuganda, inasaidia seli za mishipa kutembea. Mwaka 1999 Lisa Coussens na wenzake walichukua panya wenye jeni za kirusi cha papiloma wanaoota saratani ya ngozi. Seli za masti zilikuwa zimejaa karibu na mishipa inayoota. Walipotumia panya wasio na seli za masti, mishipa haikuota vile.

Halafu nyutrofili. Hizi nilizidharau kwa miaka, kwa sababu ni chache ndani ya uvimbe na zinaishi muda mfupi. VEGF nyingi inayotolewa haielei huru; inanasa kwenye nyuzi za nje ya seli, kama mafuta yaliyoganda kwenye sufuria. Ipo lakini haifanyi kazi. Kimeng'enya MMP-9 kinazikata nyuzi na VEGF inaachiwa. Makrofaji nyingi zikitoa MMP-9 zinaitoa ikiwa imefungwa breki, protini inaitwa TIMP-1. Nyutrofili inaitoa bila breki. Kwa hiyo chache tu zinatosha kufungua ghala. Kundi la Douglas Hanahan lilionyesha mwaka 2006, kwa panya wanaoota uvimbe wa kongosho, kwamba nyutrofili zikiondolewa mapema, vijivimbe vichache zaidi vinafanikiwa kuwasha mishipa. Makrofaji kwenye vijivimbe hivyo zilikuwa pembeni, nyutrofili zilikuwa ndani.

Marekebisho ya kwanza: uliposema makrofaji nyingi mishipa mingi, kwa titi ni sawa; watafiti wa Oxford walilionyesha kwa wagonjwa mwaka 1996, na wenye makrofaji nyingi walikuwa na hali mbaya zaidi. Ila kwa utumbo mpana tafiti kadhaa zimekuta kinyume, makrofaji nyingi ukingoni zikienda na matokeo mazuri. Usimpe mtu hofu kwa idadi tu.

La pili ni dogo ila linaniudhi kila ninapolisikia: watu wamezoea kugawa makrofaji mbili, M1 mpiganaji na M2 mjenzi, kama timu zenye jezi. Hiyo ilitoka kwenye sahani za maabara. Ndani ya uvimbe halisi unakuta seli moja ina alama za pande zote mbili. Na nikupe mfano ninaoupenda: mwaka 1994 kutoka maabara ya Folkman ilitangazwa angiostatini, kipande cha protini ambacho uvimbe wa mapafu wa panya ulisababisha kitokee kwenye damu, kikizuia mishipa kuota kwenye vijivimbe vya mbali. Ukiukata uvimbe mkubwa, vile vidogo vinaamka. Nani alikuwa anaikata ile protini ili angiostatini ipatikane? Mwaka 1997 jibu likaja: kimeng'enya cha makrofaji. Makrofaji ileile, mkono mmoja unajenga, mwingine unatoa kizuizi cha ujenzi.

Mzee wa Hoja, kuhusu jeshi na barabara: wakati wa ujauzito, seli NK zinajaa kwenye ukuta wa mji wa mimba. Hizi ni zile zinazosifiwa kwa kuua seli za saratani. Kule haziui. Zinatoa VEGF na kusaidia mishipa ya mama itanuke ili kondo lipate damu. Sisi sote tulilishwa kwa mishipa iliyoandaliwa kwa msaada wa seli za kinga.

#8 Mzee wa Hoja

Hilo la mji wa mimba limenikalisha. Naendelea kusoma.

#9 Tiba Halisi 100%

Ndugu zangu msihangaike na maneno magumu. Ninayo dawa ya kuongeza kinga mara 7, inakausha uvimbe wowote. Nitumie ujumbe wa faragha.

#10 Kaa Kimya Usome

Kinga ipi hiyo unayoiongeza? Nyutrofili zenye MMP-9 isiyo na breki? Masti? Makrofaji za ukingoni au za katikati? Tutajie moja tu tuanze nayo.

#11 Kaa Kimya Usome

Saa tatu zimepita. Ametoka.

#12 Binti wa Kwanza

Samahani kwa kuingilia uzi wa kitaalamu. Mama yangu ana saratani ya utumbo mpana iliyofika kwenye ini. Anapata kemo pamoja na dripu inaitwa bevasizumabu. Uvimbe wa ini umepungua, madaktari wanataka kuukata. Lakini wamesema kwanza bevasizumabu isimame na tusubiri wiki kadhaa, kemo yenyewe iendelee kidogo. Nyumbani watu wamepandwa na hasira, wanasema hospitali inapoteza muda huku ugonjwa unatembea. Na tangu aanze hiyo dripu presha yake imepanda, kabla hakuwa na presha. Je, haya yana uhusiano na mnayoongea?

#13 Nesi wa Zamu ya Usiku

Pole sana dada, na usiombe samahani, swali lako ndilo uzi wenyewe.

Bevasizumabu ni kingamwili iliyotengenezwa kuishika VEGF isifanye kazi. Iliidhinishwa Marekani Februari 2004 kwa saratani ya utumbo mpana iliyosambaa, aina ya mama. Kwenye utafiti uliosababisha ikubaliwe, waliopata kemo pamoja nayo waliishi kwa wastani wa kati miezi 20.3, wa kemo peke yake 15.6.

Sasa rudi kwenye maelezo ya kidole kilichokatwa, posti namba 6. Kidonda kinafungwa kwa mishipa mipya, na mishipa mipya inataka VEGF. Dawa haijui kwamba VEGF hii ni ya uvimbe na ile ni ya mshono. Ukimpasua mtu dawa ikiwa bado imejaa mwilini, mshono unaweza kugoma kupona, kutoka damu, hata kuachia. Dawa hii inakaa sana: nusu yake inaondoka kwa takribani siku 20. Maelekezo yake yanasema isitolewe ndani ya siku 28 kabla ya upasuaji wa kupangwa, na isirudishwe mpaka zipite angalau siku 28 baada yake na kidonda kiwe kimepona. Kwa ini madaktari wengi husubiri zaidi ya hapo. Kwa hiyo wanaposubiri wanamlinda mama.

Presha nayo ni athari inayojulikana sana. VEGF kidogo inahitajika kila siku kuifanya mishipa ya kawaida ilegee. Ukiizima, mishipa inabana. Figo nazo zinaweza kuvujisha protini kwenye mkojo, ndiyo maana wanampima mkojo. Akiumwa kichwa kikali ghafla, akitoka damu isiyokoma au tumbo likiuma vibaya, msisubiri kliniki, mpelekeni siku hiyo hiyo. Na usisahau, hata jino asing'olewe bila timu yake kujua.

#14 Binti wa Kwanza

Asante dada nesi. Nimewasomea nyumbani neno kwa neno. Mjomba amenyamaza, na yeye hanyamazi.

#15 Tofali la Nne

Nina swali la kijinga. Kama vibarua ni makrofaji, na tunajua zinaitwa na CCL2 na CSF-1, kwa nini tusikate simu tu? Hazifiki, hakuna mishipa, mchezo umekwisha.

#16 Mikroni Mia

Si la kijinga, kampuni za dawa zimetumia fedha nyingi kwenye swali hilo hilo.

Kukata CSF-1 kunafanya kazi mahali pamoja vizuri: kuna uvimbe wa viungo, kwenye magoti mara nyingi, ambao wingi wake ni makrofaji zilizoitwa na CSF-1 iliyozidi. Dawa ya kuziba kipokezi chake, peksidatinibu, ilikubaliwa Marekani mwaka 2019. Ila kwenye saratani za kawaida, titi, mapafu, utumbo, kuziba peke yake kumeleta matokeo ya kukatisha tamaa.

CCL2 ndiyo hadithi ya kuogopesha. Mwaka 2014 ilichapishwa kazi kwenye Nature kwa panya wenye saratani ya titi. Walipozuia CCL2, monositi zilibaki zimefungiwa kwenye uboho, saratani ikapungua kusambaa. Furaha. Kisha wakaacha dawa. Monositi zilizokuwa zimerundikana zikatoka kwa mkupuo kama watu kwenye geti lililofunguliwa, zikafika mapafuni, mishipa ikaota, na panya wakawa na saratani iliyosambaa kuliko wale ambao hawakutibiwa kabisa, na wakafa mapema. Kwenye maabara yetu tukimwona mtu anaandika "tuondoe makrofaji zote" tunamwuliza: na siku ya kuacha?

Kuna upande wa pili pia. Unapozuia VEGF, seli za kinga zinapata njia ya mzunguko. Kundi la Ferrara mwaka 2007 lilikuta kwamba uvimbe wa panya unaokaidi dawa ya VEGF umejaa seli changa za uboho za jamii ya nyutrofili na monositi, na hizo zinatoa protini nyingine ya kuotesha mishipa inaitwa Bv8. Umeziba bomba, fundi amepitisha lingine nyuma ya ukuta. Huenda hiyo ni sehemu ya sababu ile miezi 20.3 haikuwa 40. Kwa titi, ruhusa ya bevasizumabu Marekani iliondolewa Novemba 2011, kwa sababu haikuonyesha kwamba wagonjwa wanaishi zaidi.

#17 Mzee wa Hoja

Basi niulize la mwisho. Nobeli ya 2018 walipewa Allison na Honjo kwa kuachia breki za seli T ziue saratani. Hizo nazo ni kinga, na zinaua kweli, kuna watu wamepona. Mnanichanganya: kinga inajenga au inabomoa?

#18 Slaidi Kahawia

Mzee, hapa ndipo nilipotaka tufike.

Seli T zikiwa kazini zinatoa protini ya ishara inaitwa interferoni gama. Hiyo inazifanya makrofaji na seli za mishipa zitoe ishara kama CXCL9 na CXCL10, ambazo zinazuia mishipa kuota na papo hapo zinaita seli T zaidi. Kwa hiyo ndiyo, kuna kinga inayobomoa mishipa. Lakini hata ndani ya ukoo wa seli T kuna za kutuliza, zile zinazozuia kinga isipitilize. Mwaka 2011 ilionyeshwa kwenye uvimbe wa ovari kwamba eneo lisilo na hewa linatoa CCL28, zinakuja seli T za kutuliza, na zenyewe zinatoa VEGF. Familia moja, kazi tofauti.

Sasa angalia ubaya wa mishipa ya uvimbe. Ukiiona kwenye slaidi unaitambua bila kuambiwa: imepinda, imevimba hapa na kubana pale, matawi yasiyoenda popote, seli za kuishikilia kwa nje zimelegea. Inavuja. Majimaji yanajaa nje na kuubana mshipa wenyewe, damu inakwenda kwa kusuasua. Matokeo yake uvimbe una mishipa mingi na bado hauna hewa. HIF inaendelea kuwaka, VEGF inaendelea kumwagika. Na VEGF nyingi inafanya mengine mawili: inazuia seli dendriti, walimu wa seli T, zisikomae (hilo linajulikana tangu 1996), na inafanya ukuta wa mshipa upunguze vishikio ambavyo seli T hutumia kujishika na kupenya. Seli T imefika mlangoni, mlango hauna kitasa.

Mtafiti Rakesh Jain alipendekeza mwaka 2001 kitu kilichoonekana kichekesho: dawa ya kuzuia mishipa ikitolewa kwa kiasi, kabla haijaiua mishipa inainyoosha. Ile dhaifu inapukutika, iliyobaki inashikiliwa vizuri, uvujaji unapungua, hewa na dawa zinafika. Na seli T pia. Baadaye ikaonekana mambo yanaenda pande zote mbili: mwaka 2017 ilichapishwa kwamba seli T aina ya CD4 zikiamshwa, zenyewe zinainyoosha mishipa. Mshipa mzuri unaleta seli T, seli T inafanya mshipa uwe mzuri.

Hiyo haikubaki kwenye panya. Saratani ya ini ni ugonjwa mgumu, kwa zaidi ya miaka kumi dawa ya kuanzia ilikuwa sorafenibu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ukachanganya atezolizumabu, inayoachia breki za seli T, na bevasizumabu. Baada ya miezi 12 waliokuwa hai ni asilimia 67.2, wa sorafenibu 54.6. Mwaka huo huo mchanganyiko ukakubaliwa Marekani. Bevasizumabu ileile ya mama wa Binti, lakini hapa, tunavyoelewa, sehemu ya kazi yake ni kuwafungulia seli T njia.

Kwa hiyo ukiniuliza kinga inajenga au inabomoa, nitakuuliza seli ipi, imesimama wapi, na imeambiwa nini na jirani zake. Lile lundo la kahawia nililoliona siku ile lingeweza kuwa chochote mpaka nilipowekewa slaidi ya pili.

#19 Mzee wa Hoja

Umeeleweka. Neno "jeshi" nalirudisha kabatini. Ila bado sipendi kwamba adui anatumia mafundi wangu.

#20 Mikroni Mia

Hakuna anayependa, mzee. Ndiyo maana tunaamka asubuhi.

#21 Binti wa Kwanza

Narudi na taarifa. Tulihesabu siku kwenye kalenda ya ukutani, kila siku mama anaweka alama mwenyewe. Amepasuliwa siku ya 44 tangu dripu ya mwisho ya bevasizumabu. Wametoa vivimbe viwili kwenye ini. Leo nesi alibadilisha bandeji nikiwepo. Mshono umekauka, pembeni kuna mstari mwekundu mwembamba. Nikawauliza kama huo wekundu ni mishipa inayoota, daktari akageuka akaniuliza nimesomea wapi.